Vipuri vya bunduki: kipi kinalinda fedha ya mmiliki, kipi kinaiteketeza

MFANYABIASHARA wa ukanda wa dhahabu, kuanzia Kahama hadi Geita, ni mtu wa mizani. Anajua gramu zake, anajua usafi wa dhahabu yake, na anajua lita za dizeli zinazoliwa na karasha kwa zamu moja. Hata hivyo lipo tumizi moja ambalo wengi hulifanya kwa macho tu bila kupiga hesabu. Nalo ni fedha inayotiwa kwenye bunduki baada ya kununuliwa na kusajiliwa: darubini, kitako kipya, mpira wa bega, choki, mkanda, taa na madoido mengine.

Mmiliki huanza kwa kitu kidogo. Leo ananunua mkanda, mwezi ujao anaona picha ya kitako cha plastiki ngumu, baada ya mavuno ya pamba au duara likitema anaagiza darubini. Akija kushtuka, vipuri vimefikia nusu ya bei ya silaha yenyewe, na siku anapotaka kuuza hakuna anayemrudishia hata robo. Wengine hupoteza zaidi ya fedha, kwa kuwa kipuri kisichofaa huweza kupasua mtutu au kumkosesha mwenyewe leseni.

Makala haya yanaeleza vipuri hivyo kwa makundi matatu, kwa jicho la mtu anayetaka kujua shilingi yake inakwenda wapi. Hayazungumzii magobole ya mitaani wala silaha zisizo na karatasi. Hizo hazina soko halali, na asiye na leseni hana cha kuhesabu isipokuwa miaka ya kifungo.

Soko ni finyu

Silaha za kiraia zinazoonekana zaidi katika mikoa ya Shinyanga na Geita ni za aina mbili. Ya kwanza ni shotigani, yaani bunduki ya marisau, ambayo walinzi wa makampuni binafsi huibeba kwenye maghala, vituo vya mafuta na mitambo ya kuchenjulia dhahabu. Ya pili ni raifo, yaani bunduki ya risasi moja yenye mtutu wa mifuo, ambayo zaidi ni ya wawindaji wenye vibali.

Kila moja ya silaha hizo inasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi, Na. 2 ya mwaka 2015, iliyofuta ile ya zamani ya Sura ya 223. Leseni ni ya mtu na ni ya silaha inayotajwa. Mwenye leseni hawezi kumpa jirani bunduki kama anavyompa baiskeli, na mrithi harithi leseni kwa sababu tu amerithi nyumba na ng'ombe.

Kwa lugha ya biashara, hii ina maana kwamba wanunuzi ni wachache na kila mauzo hupitia polisi. Dhahabu ni kinyume chake. Tangu Soko la Madini la Geita lilipozinduliwa Machi 2019, mwenye gramu kumi huingia, hupimiwa, huelezwa bei kwa kufuata bei ya dunia na kutoka na fedha yake. Bunduki haina bei ya dunia ya kila asubuhi, na kipuri cha bunduki ndiyo kabisa. Katika soko lenye wanunuzi wachache, kila kitu kinachofuata ladha ya mwenye mali humpunguzia wanunuzi waliobaki.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: kipuri cha bunduki ni gharama, si kitega uchumi. Swali lililobaki ni gharama ipi inarudi kwa njia ya usalama na maisha marefu ya silaha, na ipi inapotea moja kwa moja.

Hesabu ya kuagiza

Wengi huona bei ya kiwandani kwenye orodha ya wauzaji wa Ulaya au Marekani wakadhani ndiyo bei. Tuchukue mfano wa hesabu tu, si bei ya duka lolote. Kipuri kinauzwa huko Sh 100,000. Usafiri na bima tuseme ni Sh 40,000, jumla Sh 140,000. Ushuru wa forodha, tukitumia kiwango cha asilimia 25 ambacho ni mojawapo ya viwango vya ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, ni Sh 35,000. Sasa ni Sh 175,000. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 hupigwa juu ya jumla hiyo, nayo ni Sh 31,500. Kipuri kimefika Sh 206,500 kabla ya wakala wa forodha, kabla ya faida ya muuzaji na kabla ya nauli ya kutoka Dar es Salaam hadi Kahama.

Aidha, si kila kitu kinachofungwa kwenye bunduki huwekwa kapu moja na forodha. Katika mfumo wa kimataifa wa kupanga bidhaa, bunduki za kuwindia na za michezo ziko kichwa 9303, sehemu na vipuri vyake kichwa 9305, na risasi 9306. Darubini ya kulengea haipo huko. Imo kichwa 9013 pamoja na vyombo vya lenzi. Mwagizaji anayeandika maelezo ya jumla tu kwenye hati hujitafutia ucheleweshaji bandarini, na kila siku ya mzigo kulala ina gharama zake.

Upande wa muuzaji nako kuna masharti. Marekani, ambako soko la vipuri vya bunduki ni kubwa kuliko kwingine, ilihamisha Machi 2020 usimamizi wa mauzo ya nje ya bunduki nyingi za kiraia na vipuri vyake kutoka Wizara ya Mambo ya Nje kwenda Wizara ya Biashara. Udhibiti haukuondolewa, umebadilisha ofisi tu. Ndugu aliyeko Texas hawezi kutia mtutu au kifyatulio ndani ya begi la nguo akaleta kama zawadi. Njia salama ni muuzaji wa silaha mwenye leseni hapa nchini, hata kama bei yake inauma.

Kundi la kwanza: vinavyomkaa mtu

Kundi hili ni la vitu vinavyoifanya bunduki imkae mmiliki bila kugusa sehemu inayobeba mlipuko. Humo mna mpira wa kitako, mkanda, kitako cha urefu unaofaa, mfuko na sefu ya chuma. Hapa ndipo shilingi hufanya kazi kubwa kwa bei ndogo.

Vitako vingi vya shotigani za kiwandani huachwa na urefu wa karibu inchi 14, yaani kama sentimita 35 na nusu, kutoka kifyatulio hadi begani. Kipimo hicho kiliwekwa kwa ajili ya mwanamume wa wastani wa nchi zinazotengeneza. Mtu mfupi hunyoosha shingo na mkono, shabaha hupotea na bega huchubuka. Mtu mrefu naye hujigonga pua kwa kidole gumba chake mwenyewe. Vipande vyembamba vya kuongezea urefu, au mpira mnene wa kupunguza mshindo, hufungwa kwa skrubu mbili na huondolewa vilevile. Mlinzi anayeogopa mshindo wa bunduki yake hufumba macho anapofyatua, na mwajiri wake ndiye atakayelipia madhara.

Kitako cha mbao au cha plastiki ngumu? Shinyanga ni nchi kame kwa miezi mingi, kisha mvua huanza kuelekea mwisho wa mwaka. Mbao husinyaa wakati wa kiangazi na kuvimba masika, na kitako kilichosinyaa hulegea, kikapigwa na mshindo na kupasuka shingoni. Plastiki ngumu haina tabia hiyo. Kwa silaha ya kazi, kama ya lindo la ghala, kubadili kitako kuna maana. Kwa bunduki ya zamani yenye mbao nzuri ya walnati, kubadili ni kuitupa thamani. Bora kuipaka mbao mafuta ya kitani na kukaza skrubu mara kwa mara.

Sefu ndiyo kipuri kinachosahaulika kuliko vyote, labda kwa sababu haionekani begani. Bunduki iliyoibwa nyumbani huleta hasara mara mbili: fedha imekwenda, na mwenyewe ana maelezo ya kutoa kituoni juu ya namna alivyoitunza. Kisanduku cha chuma kilichofungwa kwa boliti ukutani kinaweza kuchomelewa hapa hapa Kahama au Geita na fundi wa mageti, bila forodha wala kibali cha nje.

Mwenye mtambo wa kuchenjulia dhahabu ana la ziada la kujua. Mvuke wa tindikali unaotumika kusafishia dhahabu na kaboni hula chuma cha bunduki kama unavyokula mabati ya paa. Silaha ya mlinzi isihifadhiwe chumba kimoja na madumu ya tindikali. Kutu inayoanzia ndani ya mtutu haiondolewi na kipuri chochote cha nje, na mtutu wenye mashimo ya kutu ni mtutu wa kuuzwa kama chuma chakavu.

Kundi la pili: vinavyogusa mlipuko

Kundi la pili ni la choki, chemba, mtutu na darubini. Hapa kipuri kinaweza kuwa kizuri, lakini kosa dogo hugeuka hasara kubwa.

Choki ni kifinyo kilichoko mdomoni mwa mtutu wa shotigani kinachokusanya marisau yasitawanyike mapema. Choki iliyobana kabisa katika geji 12 hupunguza kipenyo kwa takriban milimita moja, na milimita hiyo moja ndiyo tofauti ya kumpata kanga wa mbali na kumkosa. Shotigani nyingi za kisasa zina choki za kuingizwa kwa nyuzi za skrubu, na mmiliki hununua mbili tatu akabadilisha. Tatizo ni kwamba nyuzi za kampuni moja si lazima zikubali choki ya kampuni nyingine, hata kama kipenyo kinaonekana sawa. Choki iliyoingia nusu huacha ukingo ndani ya njia ya marisau. Mpigo wa kwanza huweza kuing'oa pamoja na mdomo wa mtutu. Aidha, risasi moja nzito ya shotigani haipaswi kupitishwa kwenye choki iliyobana kabisa bila maelekezo ya mtengenezaji.

Chemba ndiyo yenye hatari ya kimyakimya. Shotigani za geji 12 hutengenezwa zikiwa na chemba za urefu tofauti. Zipo za milimita 65, nyingi zikiwa za zamani, zipo za milimita 70 na zipo za milimita 76. Urefu unaoandikwa kwenye ganda ni ule wa baada ya kufyatuliwa, mdomo wake ukiwa umefunguka. Ndiyo maana ganda la 76 huingia vizuri kwenye chemba ya 70 na kifuniko kikafunga. Likifyatuliwa, mdomo wake hukosa nafasi ya kufunguka, na shinikizo hupanda juu ya lile ambalo mtutu ulijaribiwa. Wengine hushawishika kuichonga chemba iwe ndefu. Hiyo si kazi ya kipuri. Ni kubadili silaha nzima, na ukuta wa chuma uliobaki huenda usitoshe.

Ipo ajali nyingine ya magala yenye bunduki za geji mbili. Ganda la geji 20 likitumbukizwa kwa makosa kwenye shotigani ya geji 12 huteleza na kunasa mbele ya chemba. Mtu huangalia, haoni kitu, anaweka ganda la geji 12 nyuma yake na kufyatua. Mtutu hupasuka karibu na mkono wa mbele. Ndiyo sababu viwanda vingi hutengeneza maganda ya geji 20 kwa rangi ya manjano. Kampuni ya ulinzi inayotaka kuokoa fedha na mikono ya wafanyakazi wake inunue silaha za geji moja tu, na isichanganye.

Nchi zenye desturi ya zamani ya bunduki hazimwamini fundi kwa maneno. Uingereza ina nyumba mbili za kujaribia mitutu, ya London ambayo chama chake cha watengenezaji kilipewa hati ya kifalme mwaka 1637, na ya Birmingham iliyoanzishwa mwaka 1813. Mtutu hupigwa kwa baruti yenye nguvu kupita ya kawaida, ukistahimili hugongwa muhuri. Ukichongwa baadaye kiasi cha kubadili vipimo, muhuri ule hauna tena maana mpaka ujaribiwe upya. Anayenunua bunduki kuukuu ya Kiingereza kutoka kwa mrithi wa mkulima au mwindaji wa zamani na atazame mihuri hiyo chini ya mitutu kabla hajatazama nakshi za pembeni.

Darubini ni ya raifo kwanza. Raifo ya .375 Holland & Holland, iliyotoka mwaka 1912 na inayojulikana sana kwa wawindaji wa nyama wakubwa, hurudi nyuma kwa nguvu. Darubini ya bei nafuu iliyotengenezwa kwa bunduki ya upepo haidumu juu yake, lenzi hulegea na shabaha huhama. Vishikizo vyake ni muhimu kuliko darubini yenyewe. Wanaotoboa bodi ya shotigani ili kuweka darubini wafikiri mara mbili. Bodi za aina fulani ni za chuma na nyingine ni za aluminiamu, ambayo nyuzi zake huliwa upesi, na tundu lililotobolewa halizibiki tena machoni pa mnunuzi.

Kundi la tatu: vinavyogusa leseni

Kundi hili ni fupi, na ushauri wake ni mmoja: usiguse bila polisi kujua.

Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 juu ya silaha za moto, iliyoanza kutumika mwaka 2005, inataja sehemu za silaha zinazodhibitiwa kama silaha. Ni mtutu, bodi au fremu, kitelezi au silinda, komeo la nyuma, na chombo chochote cha kupunguza sauti ya mlio. Itifaki hiyo inataka nchi wanachama zihesabu kuwa ni kosa la jinai kufuta, kuondoa au kubadili alama za utambulisho wa silaha. Afrika Mashariki, Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zina mkataba wao uliotiwa saini Nairobi Aprili 2004 wenye mwelekeo huohuo.

Kwa mmiliki wa Geita, maana yake ni ya kawaida kabisa. Kubadili mtutu ni kubadili kitu ambacho sheria za dunia hukihesabu karibu sawa na bunduki. Kung'arisha bodi kwa msasa mpaka namba ikafifia, hata kwa nia ya kuipendezesha, ni kuiondolea bunduki uraia wake. Mwaka 2016 wamiliki nchini walitakiwa kupeleka silaha zao kuhakikiwa na polisi. Uhakiki wa aina hiyo hulinganisha karatasi na chuma. Namba isiyosomeka, au mtutu wenye namba isiyofanana na ile ya kwenye kitabu, humfanya mtu mwaminifu ajieleze kama mwizi.

Kifyatulio nacho kiwekwe hapa. Wapenda shabaha hupenda kifyatulio chepesi, na vipo vya kununua. Lakini bunduki inayobebwa juu ya pikipiki kwenye barabara za vumbi za Bukombe na Mbogwe si bunduki ya uwanja wa mashindano. Kifyatulio kilicholegezwa huweza kufyatuka chenyewe silaha ikianguka au ikigongwa. Hakuna shabaha inayofidia hilo.

Fundi wa karasha si fundi wa bunduki

Ukanda huu una mafundi hodari. Yupo wa kukereza shafti ya pampu, yupo wa kuchomelea ngoma ya karasha iliyopasuka, na kazi yao husimama. Ndiyo maana kishawishi ni kikubwa: kwa nini upeleke bunduki mbali, na fundi yuko nyuma ya soko?

Sababu ni chuma chenyewe. Sehemu nyingi za bunduki zimetiwa ugumu kwa moto kwa kipimo maalumu. Moto wa kuchomelea huondoa ugumu huo, na jicho halioni tofauti mpaka siku kipande kinapokatika. Shotigani za mitutu miwili zina jambo lingine: mitutu hiyo mingi imeunganishwa kwa lehemu laini. Kuichemsha kwenye dawa kali ya kutia weusi huila lehemu hiyo, na mitutu huachana. Fundi aliyefanya hivyo hakuwa na nia mbaya, alitumia tu maarifa ya pampu kwenye kitu kisicho pampu.

Isitoshe, kuiacha silaha mikononi mwa mtu asiye na leseni, hata kwa usiku mmoja wa kazi, ni kumweka yeye na mwenye mali katika hatari ya mashtaka. Mwenye karakana anayethamini biashara yake akatae kazi hiyo.

Chagua kiwanda kabla ya kipuri

Mnunuzi wa gari huuliza kwanza kama spea zinapatikana. Mnunuzi wa bunduki afanye vivyo hivyo, kwani viwanda navyo huanguka.

Remington 870 ya Marekani, shotigani ya kukoki kwa mkono iliyotoka mwaka 1950, imeuzwa kwa mamilioni. Kampuni yake hata hivyo iliomba ulinzi wa mufilisi mwaka 2018, kisha tena mwaka 2020, na mali zake zikauzwa vipande vipande kwa wanunuzi mbalimbali. Utengenezaji ulirejea baadaye chini ya wenye mali wapya. Waliokuwa na 870 hawakuumia sana kwa sababu bunduki ilikwishaenea mno, na viwanda vingine vingi vilikuwa vikitengeneza vipuri vyake. Mossberg 500, ya tangu miaka ya mwanzo ya 1960, ina faida hiyohiyo ya kuenea.

Baikal za Urusi zina sifa ya uimara na bei ya chini. Kiwanda chake cha Izhevsk kiliingizwa katika kampuni ya Kalashnikov mwaka 2013, na mwaka 2014 kampuni hiyo ikawekewa vikwazo na Marekani. Bunduki iliyoko mkononi haikuharibika kwa vikwazo, lakini njia za kulipia na kusafirisha spea zilisongamana. Shotigani za Uturuki zimejaza nafasi katika nchi nyingi kwa bei nafuu. Ni mzigo mzuri kwa anayechagua jina lenye wakala wa kudumu. Kwa majina yanayobadilika kila mwaka, choki iliyopotea huweza isipatikane tena.

Thamani siku ya kuuza

Mnunuzi mwenye leseni anapotazama bunduki ya mtumba hutazama vitu vitatu: karatasi zinazolingana na namba, mtutu safi ndani, na silaha iliyo kama ilivyotoka kiwandani. Darubini na mkanda huondolewa na kuuzwa kando. Kitako kilichokatwa kwa msumeno hakirudi. Kwa sababu hiyo kila kipuri cha awali kinachoondolewa kifungwe kwenye gazeti lenye mafuta na kuhifadhiwa, pamoja na risiti na karatasi ya fundi. Mfuko mmoja wa vitu vya awali huokoa fedha nyingi kuliko uliotumika kuvibadili.

Mwisho ni swali la ulinzi, ambalo ndilo humwingiza wengi dukani. Usukuma na Unyamwezi zilikabili wimbi la wizi wa mifugo mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa sungusungu, waliokuwa na upinde, mishale na filimbi, na ambao sheria iliwatambua mwaka 1989. Nguvu yao ilikuwa idadi ya watu na wepesi wa taarifa. Mfanyabiashara wa leo anayebeba dhahabu na fedha taslimu naye hupunguza hatari zaidi kwa kuuzia sokoni, kulipwa benki na kubadili saa za safari kuliko kwa taa na darubini juu ya shotigani.

Kwa mwenye leseni aliyetenga fungu la vipuri mwaka huu, mpangilio ulio salama ni huu: sefu kwanza, vifaa vya kusafishia na mafuta pili, mpira wa kitako na mkanda tatu, kisha risasi za kutosha kufanyia mazoezi. Ikibaki akiba, afikirie choki ya kampuni ileile iliyotengeneza bunduki. Kabla ya kugusa mtutu, bodi au kifyatulio, apite kwanza ofisi ya mkuu wa polisi wa wilaya akiwa na kitabu chake cha leseni. Ushauri wa hapo hautozwi ushuru wa forodha.